Hongera kwa Madaktari wa Grenoble

Mwaka 1987, mjini Grenoble, Ufaransa, daktari Alim-Louis Benabid alikuwa akimfanyia upasuaji mgonjwa wa mtetemeko. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuunguza sehemu ndogo ya thalamasi, iliyo ndani kabisa ya ubongo, baada ya kuipima kwanza kwa umeme hafifu. Alipofikisha mapigo ya umeme karibu 100 kwa sekunde, mtetemeko ulikoma. Umeme ulipozimwa, ukarudi.

Hapo ndipo anapostahili sifa. Badala ya kuharibu kisichorudishika, yeye na mwenzake Pierre Pollak waliacha waya mwembamba ndani ya ubongo, ukaunganishwa chini ya ngozi na kifaa chenye betri kilichopachikwa kifuani. Umeme wa aina hiyo unaweza kuongezwa, kupunguzwa, hata kuzimwa.

Mara nyingi mgonjwa huwa macho wakati wa upasuaji, kwa kuwa ubongo wenyewe hausikii maumivu. Huambiwa ahesabu, akunje vidole na kuvikunjua. Mkono uliokuwa ukitikisika bila kukoma hutulia mbele ya macho yake mwenyewe. Ni ufundi wa ajabu!

Mwaka 1993 timu hiyo iliugeukia ugonjwa wa Parkinson, ikilenga kiini kidogo kilicho chini ya thalamasi, ambacho Mmarekani Mahlon DeLong alikuwa ameonyesha umuhimu wake. Benabid na DeLong walitunukiwa Tuzo ya Lasker mwaka 2014.

Ugonjwa wenyewe hauponi. Ndiyo maana pongezi ziwafikie pia wataalamu wa kliniki, ambao kwa miezi kadhaa hurekebisha kifaa hatua kwa hatua, huku wakipunguza dozi za dawa ya levodopa.