Nyeupe Juu ya Nyekundu

Katika miamba ya Kolo, wilayani Kondoa, michoro myeupe ilichorwa juu ya myekundu ya kale, nayo ya kale ingali yaonekana. Ndivyo impasavyo mtunzi wa tamthilia ya televisheni amrejeshapo mhusika aliyezua mzozo: asimfutie yaliyopita. Mwaka 1986, Dallas ya Marekani ilimfufua Bobby Ewing kwa kuugeuza msimu mzima kuwa ndoto; machozi ya watazamaji yakawa bure. Mwaka 2003, EastEnders ya Uingereza ilimrudisha Den Watts, mlaghai aliyedhaniwa maiti tangu 1989. Huyu alirejeshewa uhai, hakusamehewa deni: binti yake wa kulea, Sharon, alikuwa amemwomboleza baba aliye hai. Marejeo hayo yana uzito, kwani kosa la kwanza halikufutwa.