Ulezi Uliolala Chunguni

Koozh inayonywewa Jumapili asubuhi huko Tamil Nadu, kusini mwa India, huanza kushughulikiwa Ijumaa jioni. Mpishi huchota unga wa ulezi, akaukoroga kwa maji hadi uwe mzito kiasi, akaufunika na kuuacha ulale. Kesho yake unga umeumuka kidogo na umeanza kunukia uchachu. Hapo ndipo jiko linapowashwa.

Watamili wanauita ulezi kezhvaragu, au ragi kama sehemu nyingine za India. Koozh ni uji wake. Madaktari wa Siddha, tiba ya asili ya Watamili, wamekuwa wakiupendekeza kwa asubuhi za joto. Elimu hiyo iliandikwa kwa mashairi ya Kitamil juu ya majani ya mvumo, na mapokeo huihusisha na wahenga 18, Agathiyar akiwa mkuu wao. Leo hufundishwa vyuoni, na Tambaram, pembezoni mwa Chennai, kuna Taasisi ya Taifa ya Siddha. Ndani ya elimu hiyo chakula na dawa havikutenganishwa. Mganga akikupa dawa hukupa pia pathiyam, yaani miiko na taratibu za kula, na asiyefuata pathiyam huhesabiwa kuwa ametumia nusu ya tiba.

Turudi jikoni. Chenga za mchele hutangulia kuchemshwa hadi zilainike. Kisha ule unga uliochacha humiminwa polepole, mkono mmoja ukimimina na mwingine ukisonga kwa mwiko bila kupumzika, maana ulezi ni mwepesi wa kushika madonge na kuungua chini. Rangi hugeuka kutoka kijivu hadi hudhurungi iliyokoza na kung'aa. Mpishi hapimi kwa saa. Huchovya vidole katika maji, akaugusa uji: ukinata mkononi, bado, usiponata, umeiva. Kipimo hicho hakihitaji chombo chochote, na mwenye uzoefu hakosei.

Ukishaiva huwa mzito, unakaribia ugali. Ukipoa hutiwa katika chungu na kulazwa usiku wa pili. Chungu kimechaguliwa kwa sababu: maji hupenya taratibu katika udongo wake na kukauka upande wa nje, na kukauka huko hupoza kilichomo. Alfajiri mpishi hutwaa donge, akalivuruga kwa mkono ndani ya mtindi uliozimuliwa maji, akatia chumvi na vitunguu vidogo vyekundu vilivyokatwakatwa. Hapo koozh iko tayari kunywewa.

Siddha inazungumzia nguvu tatu mwilini: vatham yenye tabia ya upepo, pittham yenye tabia ya moto, na kapam yenye tabia ya maji. Mtu huwa mzima zinapokaa kwa uwiano. Mwezi wa Mei, joto la Chennai linapoweza kupita nyuzi 40, pittham huhesabiwa kuwa imepanda, na uji baridi uliochachuka huituliza. Msimu wa mvua na baridi shauri hubadilika. Mwenye kikohozi huambiwa aiache koozh, ale pongal ya moto: mchele na choroko zilizokobolewa, vikapikwa pamoja mpaka vivurugike, vikaungwa kwa samli, pilipili manga, bizari nyembamba na tangawizi. Kwa hiyo Siddha haina orodha moja ya vyakula bora vya asubuhi kwa watu wote. Hutazama kwanza mwili wa mlaji na majira ya mwaka, ndipo ikapanga sahani.

Ustadi unaonekana pia katika vitoweo vya pembeni. Siddha inahesabu ladha sita, na mlo uliokamilika hujaribu kuzikusanya zote. Nafaka ina utamu wake, na maganda ya ulezi yana ukakasi mwepesi. Uchachu umetoka katika kulala chunguni, chumvi imetiwa, ukali uko katika kitunguu na pilipili mbichi. Umebaki uchungu, nao huletwa na sundakkai, vitunda vidogo vya jamii ya bilinganya vilivyoanikwa juani na kukaangwa. Muuza koozh wa mkokoteni akikupangia hivyo vyote pembeni ya bakuli, anafuata kanuni kongwe, hata kama hajawahi kuisoma popote.

Sayansi ya lishe ina maneno mengine kwa kazi hiyohiyo. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, kiasi kinachoupita mchele na ngano kwa mbali. Lakini nafaka hiyo ina pia faiteti, kemikali inayoyashika madini yasifyonzwe vizuri tumboni. Kuchachusha huipunguza. Zile siku mbili za kungoja, basi, zinaufungua utajiri uliokuwa umefungwa ndani ya punje.

Kwa muda mrefu koozh ilidharauliwa kuwa chakula cha vibarua wa mashambani, huku mchele mweupe ukipewa heshima. Mahekalu ya mungu mke Mariamman hayakuiacha: kila mwezi wa Aadi, kati ya Julai na Agosti, hupikwa katika masufuria makubwa na kugawiwa kila anayefika.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuufurahia uji huu kama jambo la nyumbani. Ulezi ulianza kulimwa katika nyanda za juu za upande wetu, Uganda na Ethiopia, ukavuka kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. Uji mchachu na togwa ni ndugu zake. Tunachoweza kujifunza kwa Watamili ni kutouharakisha. Koroga unga wako wa ulezi leo jioni, ufunike, uupike kesho, na sukari iache kabatini. Mwenye kisukari apange kiasi na daktari wake, kwa sababu ulezi nao ni wanga. Wengine wote, upeni ulezi usiku wake.