Njumu katika Meza ya Chakula

Lugha yetu ina neno zuri, njumu, yaani kazi ya kupachika fedha, shaba, mfupa au pembe katika mti, hata pambo na mti vikawa sawasawa. Neno meza lilitufikia kutoka kwa Wareno. Desturi ya pwani ni sinia juu ya mkeka au jamvi. Basi tulipoketi penye meza ya chakula iliyotiwa njumu, kazi ya mkono iliyofanywa kwa agizo la mwenyewe, tulijiuliza kama maneno haya mawili yapatana.

Meza hiyo ni ya mvule, nayo yatosha watu wanane. Mwenyewe alichagua kipimo chake, umbo la miguu, na nakshi. Ukingoni fundi amepachika vipande vya mfupa, kila kimoja kadiri ya ukucha. Katikati ametia duara la mfupa na shaba, lenye miale mirefu inayokingama mbao zote.

Ukingo ule twausifu pasipo kusita. Tulipopitisha kidole juu yake hatukutambua mti unapokoma wala mfupa unapoanza. Lakini ile miale imeanza kuinuka, na chembe za wali zimeingia chini yake. Sababu si gundi mbaya. Ubao hufura kwa upana wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi, bali kwa urefu haubadiliki ila kidogo sana. Nao mfupa na shaba havifuati mwendo huo. Kipande kidogo huvumilia. Kirefu kinachokingama nyuzi za mti hung'oka.

Na tukumbuke viti vya enzi vya Lamu, Pate na Siyu, vya karne ya 19. Humo pembe za ndovu na mifupa zilipachikwa kwa vipande vidogo vidogo, hasa katika sehemu ya kuegemea, na mahali pa kukalia palisukwa kwa nyuzi. (Siku hizi mfupa hushika mahali pa pembe, maana mwaka 1989 mataifa yalipatana kukataza biashara ya pembe za ndovu baina yao.) Mgeni wa heshima alikalia nyuzi, hakukalia pambo.

Katika meza hii mambo ni kinyume. Mwenyeji aliogopa sufuria ya moto na mchuzi, akatandika kitambaa kizito kilichoacha ukingo tu wazi. Wageni wakala pasipo kuliona lile duara, ambalo ndilo lililomchukulia fundi siku nyingi zaidi.

Kosa ni la nani? Mwenye agizo hujua wageni wake. Fundi hujua mti. Agizo jema ni shauri la hao wawili. Twaambiwa duara lilitakwa na mwenyewe, na fundi akanyamaza kwa adabu. Kunyamaza namna hiyo si adabu. Ni kumnyima mtu ujuzi alioulipia.

Wazee husema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo husemwa kwa kudharau mti. Mbele ya meza hii twaigeuza, kwa kuwa mti wenyewe ndio unaoamua kama uzuri utadumu. Basi walimu wanaofundisha useremala na wawazoeze wanafunzi kuzitambua nyuzi za ubao kabla ya kuchora nakshi yo yote.