Karani wa Forodha na Wito Wetu

Ukimwuliza kijana wa sekondari hapa Tunduma wito wake ni nini, hujibu kwa jina la kazi: daktari, rubani, afisa forodha. Ndiyo maana katika darasa letu la vijana tuliacha kuuliza. Tuliwapa kalamu, tukasoma nao Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, kitabu ambamo Shaaban Robert (1909–1962) anasimulia maisha yake mwenyewe.

Tulikichagua kwa kuwa mwandishi huyo, Mwislamu wa Tanga, alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, na mji wetu unaishi kwa forodha. Vijana walitarajia habari za ofisi. Wakamkuta mume aliyefiwa na mkewe, Amina, na baba anayewatungia wanawe tenzi za malezi. Hapo ndipo kitabu kina nguvu: mshahara ni wa kazi moja, bali mtu huitwa kwa mengi. Luther naye aliandika mwaka 1522 kwamba Mungu humfurahia baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani.

Lakini kitabu kina udhaifu, nao uliwaambukiza vijana. Shaaban Robert hupenda kutoa nasaha mapema, kabla hatujalitazama jambo vya kutosha. Vijana nao wakaandika nasaha. Binti mmoja aliandika kurasa mbili nzuri mno kuhusu kuitwa kwenye uchungaji. Tulimsifu mbele ya wenzake. Baadaye alituambia kwa sauti ndogo kwamba aliandika vile kwa sababu alijua tungefurahi. Kosa lilikuwa letu: tulisifu ufasaha tukadhani ni wito.

Tukabadilisha zoezi. Andika siku moja, mtu mmoja anayekuhitaji, na unachomfanyia. Usitaje cheo, usitoe funzo. Binti yule akaandika jinsi anavyomhesabia mama yake kwacha na shilingi kila jioni, kwa kuwa macho ya mama yamefifia. Nusu ukurasa tu. Safari hii hatukusifu, tulinyamaza.

Wazazi, msiwaharakishe watoto kutaja kazi. Waulizeni ni nani anayewangoja jioni. Binti yule atakuwa nani baadaye, hatujui, wala yeye hajui. Ila tunajua Mungu amekwisha kumwita, pale mezani kwa mama yake, ahesabu kwa uaminifu.