Sauti ya Jim na Masikio ya Wasomaji

Mark Twain alitanguliza mbele ya riwaya yake Adventures of Huckleberry Finn tangazo fupi ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Humo anaeleza kwamba wahusika wake wanazungumza kwa lahaja kadhaa: ile ya watu Weusi wa Missouri, ile ya Wazungu wa mashamba ya mbali ya Kusini-Magharibi katika sura yake iliyokithiri, ile ya kawaida ya Pike County, na namna nne nyengine zilizochipuka katika hiyo ya mwisho. Jumla ni saba. Anasisitiza kwamba hakuzipanga kwa kubahatisha, kisha anamaliza kwa mzaha: pasipo maelezo hayo, msomaji angedhani kwamba wahusika wote wanajaribu kusema namna moja na wanashindwa.

Riwaya ilitoka Uingereza Disemba 1884 na Marekani Februari 1885, na tangu hapo wajuzi wa lugha hawajaacha kuhesabu. David Carkeet, katika makala yake ya 1979, alilichukua tangazo lile kwa dhati, akawapanga wahusika kwa matamshi na sarufi zao, akaona kwamba Twain hakuwa akitania. Kwa msomaji wa mwambao hesabu kama hiyo haina ugeni. Asikiaye mtoto akiitwa kwa "ndoo" badala ya "njoo", au "mtele" pahala pa "mchele", hahitaji kuambiwa msemaji kalelewa upande gani. Masikio hufanya kazi hiyo kabla ya akili kuamka. Lakini wepesi huo ndio unaofaa kutiliwa shaka. Kumjua mtu atokako si kumjua mtu, na riwaya hii, kila inavyosonga mbele, inaonesha kwamba Twain alilijua jambo hilo kuliko tangazo lake linavyokiri.

Ushahidi bora umo katika kisa cha akina Wilks. Peter Wilks, mtengeneza ngozi, amefariki, na mji unawasubiri ndugu zake wawili kutoka Uingereza: Harvey, mhubiri wa Sheffield, na William, ambaye ni bubu na kiziwi. Matapeli wawili waliojipachika vyeo vya mfalme na mtawala, ambao Huck na Jim wamelazimika kuwabeba katika chelezo chao, wanapata habari na kuingia mjini kwa majina ya wafiwa. "Mfalme" anajifanya Harvey. Mwenziwe anajifanya William, na huo ndio werevu wake, kwani asiyesema hanaswi kwa usemi. Mfalme hana bahati hiyo. Anaigiza matamshi ya Kiingereza vibaya mno, na katika kuzungumzia taratibu za maziko anatumia neno lenye maana ya karamu za ulevi na anasa. Mwenziwe anapompelekea kikaratasi cha kumsahihisha, yeye hatahayari. Anawaeleza waombolezaji kwamba ndilo neno litumikalo Uingereza siku hizi, na anabuni papo hapo asili yake ya Kiyunani na ya Kiebrania. Wapenda ushairi waliowahi kukaa na mlumbi mwenye kutafuta vina kwa maneno asiyoyajua maana watalifurahia tukio hilo kwa namna yao.

Mtu mmoja tu anacheka: Dokta Robinson, rafiki wa marehemu. Anasema wazi kwamba huyo si Muingereza na kwamba uigaji wake ni mbaya kupita kiasi. Kasema kweli, na kweli yake inatokana na sikio. Ila mji mzima unamgeukia, na Mary Jane, binti wa nduguye marehemu, anajibu kwa kumkabidhi tapeli mfuko wa dhahabu wa dola 6,000. Baadaye ndugu wa kweli wanawasili. Huck anatambua mara tu mzee yule anapofumbua kinywa kwamba hayo ndiyo matamshi ya Muingereza. Je, mji unatambua? Hata kidogo. Wanapimana kwa hati za mkono, wanaulizana juu ya chale iliyokuwa kifuani mwa maiti, hatimaye wanabeba makoleo usiku wa mvua na kwenda kufukua kaburi. Watu hao wamezaliwa ndani ya lugha yao, nao wanapendelea kumuuliza maiti kuliko kuyaamini masikio yao. Sababu si uziwi. Wanamsikia yule wanayetaka kumsikia.

Kwa hivyo ndani ya riwaya usemi humtambulisha mtu kwa yule tu aliye tayari kusikiliza. Tangu sura ya 11, Bi. Judith Loftus amekwisha kuonesha namna ya kusikiliza. Huck anamjia katika nguo za kike na jina la Sarah, na baada ya muda anajiita Mary. Mama huyo halipuuzi kosa hilo, naye anaendelea kumjaribu kwa sindano na uzi hadi uvulana wake unapodhihirika. Mwanamke yule ni msomaji mwema.

Mizani hiyo ndiyo inayofaa kutumika kwa Jim, mtumwa aliyetoroka, ambaye juu yake mabishano ya riwaya hii hayajakwisha. Huck hasemi Kiingereza cha shule. Sarufi yake imepinda kila mstari. Lakini maneno ya Huck, kwa sehemu kubwa, yameandikwa kwa tahajia ya kawaida, ilhali ya Jim yamekatwa herufi, yamejazwa ritifaa na kuchorwa sauti kwa sauti. Hakuna mtu duniani atamkaye kila neno kama liandikwavyo. Mwandishi anapochagua kwamba mmoja ataandikwa anavyosikika na mwengine ataandikwa kama kamusi, kalamu imekwisha kutoa hukumu kabla ya kisa kuanza. Shelley Fisher Fishkin, katika kitabu chake cha 1993, alilikaza zaidi fundo hili: alionesha jinsi sauti ya Huck mwenyewe inavyofanana na ya mtoto Mweusi aliyeitwa Jimmy, ambaye Twain aliandika habari zake katika gazeti la New York Times mwaka 1874. Ikiwa ni hivyo, sauti moja imegawiwa watu wawili, na mmoja tu ndiye aliyevishwa alama za utumwa.

Ukiondoa ritifaa, anabaki nani? Sura ya 14 ina jibu la kwanza. Huck anamweleza Jim kwamba Wafaransa wana lugha yao. Jim hakubali. Huck, kwa kujiamini, anamletea mfano wa paka na ng'ombe: paka hasemi kama ng'ombe, na hilo ni la haki, basi kwa nini Mfaransa asiseme tofauti? Jim anauchukua mfano na kuupindua. Anauliza kama paka ni mtu, na kama ng'ombe ni mtu au ni paka. Kila mmoja ana jinsi yake, basi na aseme kwa jinsi yake. Na Mfaransa je, ni mtu? Huck anakubali kwamba ni mtu. Basi, kwa nini hasemi kama mtu? Huck anajitoa kwa kudai kwamba haiwezekani kumfundisha mtu Mweusi kujadili. Vizazi vya wasomaji vilicheka pamoja na Huck, wakidhani mjinga ni Jim.

Aliyekulia katika majibizano ya mashairi, aliyewahi kusoma namna Muyaka bin Haji wa Mombasa alivyokuwa akirudisha pigo kwa silaha ya hasimu wake, anaona mara moja nani kashinda. Jim hajui habari za Ufaransa, hilo ni kweli. Lakini mfano wa Huck ni mbovu, kwa kuwa unawalinganisha wanyama wa jinsi mbili na watu wa jinsi moja, na Jim ndiye aliyeuona ubovu huo. Zaidi ya hayo, hoja yake inasimama juu ya swali la nani ni mtu, na anayeliuliza ni mtu ambaye sheria ya Missouri ilimhesabu kuwa mali. Katika sura ya 8 alikwisha kusema kwamba yeye ni tajiri, maana sasa anajimiliki mwenyewe, naye thamani yake ni dola 800. Mtu huyu anatambulika kwa hoja yake, lau maneno yake yangeandikwa kwa tahajia yoyote ile.

Jibu la pili limo katika sura ya 15, na hapo ndipo Twain alipofika kilele cha sanaa yake ya mazungumzo. Ukungu umewatenganisha usiku kucha, Huck katika mtumbwi, Jim katika chelezo. Huck anaporudi, Jim anampokea kama mzazi aliyefufuliwa mwana: anamwita kwa jina, anamwita kipenzi, anamwita mtoto, anataka kumtazama na kumpapasa. Huck anaamua kumfanyia mzaha. Anadai kwamba hakukuwa na ukungu wala kupotezana, Jim kaota. Jim anasadiki, na anajitahidi hata kuifasiri hiyo ndoto. Ndipo Huck anapomwonesha majani na taka zilizorundikana juu ya chelezo na kasia lililovunjika, na kumuuliza haya nayo yana maana gani.

Jim anazitazama taka, kisha anamtazama kijana. Jibu lake ni fupi. Anaeleza kwamba moyo wake ulikaribia kuvunjika kwa kudhani kampoteza, kwamba alipomwona mzima machozi yalimtoka, na kwamba mwenzake wakati huo alikuwa akifikiria namna ya kumfanya mpumbavu. Zile ni taka, na taka ni watu wanaowatia rafiki zao aibu. Lahaja ni ile ile, na ritifaa hazikupungua hata moja. Kilichoondoka ni maneno ya mapenzi. Katika kukaripia kwake hakuna "kipenzi" wala "mtoto", hata jina la Huck halimo. Anatumia neno "rafiki", na kwa neno hilo anadai daraja ambayo hakuna Mzungu aliyempa. Kisha anaingia katika kibanda chao kimya. Inamchukua Huck robo saa kujilazimisha kwenda kumwomba radhi mtu Mweusi, naye anasema hakujuta kamwe kwa kufanya hivyo.

Mwisho wa sura ya 23 Jim anasimulia habari za bintiye mdogo, 'Lizabeth, aliyeinuka katika homa kali. Alimwamrisha afunge mlango. Mtoto akasimama akitabasamu. Akarudia amri kwa ukali, kisha akampiga kofi. Upepo ukaubamiza mlango nyuma ya mtoto, naye hakushtuka. Homa ilikuwa imemtoa usikizi na usemi. Sura inayofuata ndiyo inayomleta yule tapeli mwenye kujitia ububu kwa ajili ya dhahabu. Wahakiki wamelizungumza sana lile pengo la mwisho wa riwaya. Ujirani huu wa kiziwi wa kweli na kiziwi wa uongo haujazungumzwa vya kutosha.

Ama pengo lenyewe lipo. Kuanzia pale Tom Sawyer anapoingia na maigizo yake ya vitabuni, Jim ananyamazishwa. Anafanywa mateka wa kuchezewa, ilhali Tom anajua tokea mwanzo kwamba Miss Watson amekwisha kufa na kumwacha huru kwa wasia. Ernest Hemingway alishauri msomaji aishie pale Jim anapoibiwa. Ushauri huo umo katika Green Hills of Africa, kitabu cha 1935 kinachohusu uwindaji wake katika Tanganyika, ambamo wasaidizi wake wa Kiafrika wanaonekana kwa matendo mengi na kusikika kwa maneno machache. Msifiaji wa sikio la Twain alikuwa mgeni wa lugha walioizungumza.

Percival Everett aliirudia safari ile katika riwaya yake James ya mwaka 2024, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2025. Kwake yeye, lahaja ni vazi wanalolivaa watumwa mbele ya Wazungu. Wakiwa peke yao wanasema Kiingereza fasaha, na Jim hujadiliana ndotoni na Voltaire. Ni kisasi kitamu, na pahala pengi kinachoma panapostahiki. Hata hivyo kina gharama yake. Ikiwa akili ya Jim haina budi kuthibitishwa kwa Kiingereza cha maktaba, basi walioidharau lahaja wamekubaliwa nusu ya dai lao. Jim wa Twain aliyasema makubwa yake yote kwa ulimi ule ule alioulelea bintiye.

Suala hili litamkabili yeyote atakayeutaka usemi huo uingie katika Kiswahili. Kishawishi cha kwanza kitakuwa kumpa Jim lahaja ya shamba, Kimakunduchi au Kitumbatu, ili asikike tofauti. Hiyo itakuwa kumtwika mtu wa Makunduchi dhulma ya Missouri. Mwambao una kumbukumbu zake pia: zama za utumwa mtumwa aliyefikishwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za pwani, ndiye aliyeitwa "mjinga", na neno hilo halijapoa bado. Kiswahili kina chombo chengine, nacho ni namna watu wanavyoitana. Jim na amwite Huck "mwanangu" na "baba" katika kurasa zote za mtoni, kama mzee wa pwani amwitavyo mtoto asiye wake. Na itakapofika asubuhi ile ya ukungu, mbele ya majani na kasia lililovunjika, mfasiri asimpe hata "mwanangu" mmoja.