Ziwa halijakula parseli yako

Wandugu, kila mara Tanganyika inapopanda, simu zetu zinajaa ramani. Mstari wa bluu, mstari mwekundu, picha mbili za satelite, na chini yake: ziwa limekula mita kadhaa za Uvira. Nyingi zinatokana na Global Surface Water, kazi ya Pekel na wenzake watatu iliyotoka 2016 katika gazeti la Nature, chini ya kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya. Ni kazi kubwa, tuseme kweli. Walichukua picha milioni 3 za Landsat tangu 1984, wakauliza kila pikseli swali moja tu: hapa ni maji ao si maji? Kiisha wakaitoa bure, hata mwanafunzi wa Kalemie mwenye megabaiti za kuomba anaifungua. Ugomvi wangu ni namna tunavyoisoma.

Tuanze na mvua. Ziwa linafika juu mwezi wa 4 ao wa 5, na linashuka kabisa mwezi wa 10 na wa 11. Landsat ni jicho, haipenyi wingu. Kila satelite yake inapita pahali pamoja kila siku 16, na ikikuta milima ya Mitumba imejifunika, imepita bure. Kwa hiyo picha safi nyingi ni za kiangazi, maji yameisha kuanza kurudi. Ni sawa na mtu anayekuja kuhesabu watoto wako saa ya masomo. Anayetaka maji ya mwezi wa 4 atumie rada ya Sentinel-1, yenyewe wingu haliisumbui (ingawa upepo ukichafua maji, nayo inababaika).

Pikseli nazo ni mita 30 kwa 30. Toka Uvira kuelekea Makobola, mlima unashuka karibu mpaka ziwani: maji yakipanda mita 1, ukingo unasogea mita chache, na ramani haioni kitu. Lakini ni mu hizo mita chache watu wamejenga. Upande wa Ruzizi, kwenye uwanda, mita hiyo hiyo inaweza kuingia ndani mbali sana.

Na hapa kama agronomu ndipo nakasirika. Uwanda wa Ruzizi una mpunga wa kumwagilia. Shamba la mpunga lililojazwa maji, kwa satelite, ni maji, bwana! Ramani inaweza kuliweka kati ya maji ya msimu, na kijana anaandika kwamba pamefurika. Matete yanafanya kinyume: chini maji yamejaa, samaki wanazalia mule, lakini kutoka juu ni majani tu. Kipimo kinacholinganisha rangi ya kijani na infraredi, ile NDWI tunayoipenda sana, kinadanganyika na vyote viwili kama hakuna aliyekwenda kuangalia.

Lakini kubwa kuliko yote ni hilo neno "kula". Ufuko uliomomonyoka, udongo wake umekwenda. Ufuko uliofunikwa, udongo bado uko pale chini. Programu kama DSAS ya Wamarekani, iliyotengenezwa kwa pwani za bahari, inakupa mita kwa mwaka bila kukuuliza ni kipi kati ya hivyo viwili. Chukua picha ya 2006, maji yakiwa chini, na ya 2021, yakiwa juu: utapata namba ya kutisha. Chukua 1998 na 2006: ziwa linakimbia! Ziwa ni lile lile. Miaka ya 1960 lilipanda sana, kiisha likashuka. Na katika karne ya 19, Lukuga, mto pekee unaotoa maji yake, ulikuwa umezibwa; ulipofunguka, ziwa likashuka mita nyingi.

Tofauti hiyo inaingia mpaka ku mahakama. Ambaye parseli yake imemomonyoka hana tena parseli. Ambaye imefunikwa bado ana karatasi, na siku maji yatakaporudi, atamkuta nani amejenga pale? Ufuko ukipanuka unauzwa haraka. Ramani yetu ikiandika "limekula", tumemsaidia mwenye nguvu kumwambia mama mjane kwamba shamba lake lilikwisha kufa.

Basi mu TFC zetu, acheni kuweka "1990" na "2020" bila hata mwezi. Andikeni siku ya picha, na kimo cha maji siku ile. Vipimo vya satelite vya kimo cha ziwa vinapatikana bure. Toleo ambalo wengi wetu tunatumia linaishia 2021, kwa hiyo mafuriko ya 2024 msiyatafute mule. Kiisha mtembee ukingoni na simu, pamoja na wamama wanaoanika ndagala, wao wanajua mchanga ulifika wapi mwaka jana. GPS ya simu inakosea kama mita 5. Bado ni afadhali kuliko 30.