Mgeni Nyumbani Kwao

Umezuka mtindo miongoni mwa wasomi wetu wa kurudi makwao kwa utalii. Mtu huwachukua watoto wake kutoka Dar es Salaam, hupanga nyumba ya wageni mjini Tunduma, hupiga picha, kisha huondoka. Mimi nami nimefanya hivyo. Kwa hiyo tahakiki hii yaanza na mimi mwenyewe.

Niliwaonyesha wanangu reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, na malori yangojayo kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Kisha tukaenda Mbozi kukitazama Kimondo kwenye mteremko wa mlima Marengi. Nikawaeleza kwamba ni chuma kilichochanganyika na nikeli kidogo, chenye urefu wa mita 3 hivi, na kwamba kiligunduliwa mwaka 1930.

Binti yangu akauliza: "Kabla ya hapo, Baba, watu wa hapa walikuwa hawakioni?"

Sikuwa na jibu. Wanyiha walikifahamu Kimondo zamani sana. Mwaka 1930 ni mwaka ambao wageni walikifahamu. Neno "kiligunduliwa" limebeba macho ya mgeni, nami nililitamka katika ardhi ya jirani zangu kana kwamba ni langu. Hiyo ndiyo kasumba: si kukosa maarifa, bali kuyapokea pamoja na mahali aliposimama aliyeyaandika.

Jioni tulikwenda kwa mama yangu. Aliwaamkia wajukuu kwa Kinyamwanga; wakacheka kwa haya, wakanitazama nitafsiri. Kisha wakaomba kumpiga picha. Bibi naye akawa kimondo cha pili: anatazamwa, anasifiwa, wala hasemeshwi.

Simlaumu atembezaye watoto wake nchini. Ni heri mtoto aione Tunduma kwa siku mbili kuliko kutoiona kabisa. Na uzito wa Kimondo, unaokadiriwa kuwa tani 12 au zaidi, ni elimu njema. Lakini Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa mwaka 1962, hakukusudia tuwe watazamaji wa mila zetu. Utamaduni hurithiwa kwa kutenda na kusema. Lawama si ya watoto, kwani lugha ya bibi yao ni mimi niliyewanyima.

Basi mwalimu awaulize wanafunzi wake, kabla ya takwimu: kilima hiki wazee hukiitaje, na kwa nini? Na mzazi arudipo kwao, awaache watoto wachote maji, wapukuchue mahindi, wakosee salamu na kusahihishwa.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe ndilo linalomgeuza mgeni kuwa mwenyeji. Sisi tuliondoka siku ya pili.